Mteja wa Kwanza Kwenye Kibanda cha Pilnam na Samrye

Sogeeni hapa sakafu ilipo na joto, mkunje miguu na wenzenu wapate nafasi. Simu zilazeni kifudifudi. Huyo anayetafuna amalize kumeza. Mlango uacheni wazi kidogo, maana hadithi hii siisemi mlango ukiwa umefungwa. Sasa kimya. Nikisikia mtu anacheka, nanyamaza hapo hapo na mtabaki nayo nusu.

Ilianza kwa bakuli la supu ya mwani.

Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Yeonhwa, na mama yake, Pilnam, mwanamke wa miaka sabini na moja mwenye mabega mapana kama mchukuzi, aliamka kumpikia supu kama alivyompikia kila mwaka. Akaonja. Maji. Akaongeza chumvi, akaonja. Maji. Akatia mchuzi wa soya, akatia kitunguu saumu, akaonja kijiko kizima, na bado ilikuwa kama kulamba kioo cha dirisha.

Yeonhwa akameza funda moja, macho yakamtoka.

"Mama! Unataka kunikausha kama wale samaki wako?"

Akacheka huku anakohoa. Pilnam naye akacheka, ila kiganja kilikuwa mdomoni, na ndani ya mdomo ulimi wake ulikuwa unatafuta meno, ufizi, mate, chochote chenye ladha, usipate.

Pilnam alikuwa ameuza samaki wakavu sokoni mjini Daegu miaka thelathini na moja, meza yake imegusana na ya Samrye. Samrye alifika pale bi harusi mdogo, hajui hata kufunga kifungu cha dagaa, na Pilnam ndiye aliyemfundisha kazi. Alimfundisha kwamba mteja wa kwanza wa siku harudishwi mikono mitupu, hata akikupa upepo, kwa sababu ukimrudisha umeifunga siku nzima. Akamfundisha pia kwamba juu ya kila biashara hutiwa nyongeza, konzi moja ya bure, na anayetia konzi hiyo hahesabu. Mmoja akienda msalani, mwenzake alimuuzia. "Uza tu, changu chako," ndivyo walivyoambiana, mpaka safu yao ikabomolewa ikajengwa maegesho ya magari, na wale wanawake wawili wakabaki kila mtu nyumbani kwake anasikiliza friji inavyonguruma.

Samrye ndiye aliyegundua chumba cha gemu. Kilikuwa ghorofa ya tatu juu ya duka la tambi, madirisha yamebandikwa karatasi nyeusi hata adhuhuri mtu hajui kama jua lipo. Vijana walikaa humo kwenye viti vya migongo mirefu, hedfoni masikioni, wanaua madubwana kwenye kompyuta. Gemu lilikuwa linaitwa Ngome Tisa. Wale mabibi wawili hawakuua hata panya. Walienda moja kwa moja kwenye soko la Ngome ya Mashariki, wakafungua kibanda.

Soko lile halikuwa na fedha. Upanga kwa matandiko mawili ya farasi, nyongo ya dubu kwa mashua, hivyo hivyo. Katikati ya kioo ilitokea mizani, kila mmoja akaweka chake kwenye sahani yake, wakavutana maneno kwenye maikrofoni, wakiridhiana kila mtu akagonga muhuri wake. Ndu! Ndu! Ikishagongwa miwili, imekwisha, hakuna wa kumlilia. Pilnam alizaliwa upya. Kwenye kioo alikuwa jibaba lenye ndevu za kufika kitovuni, Samrye binti mwenye masikio ya mbweha, na vijana walikuja kutoka ngome zote nane nyingine wapate tu kusemwa na lile jibaba lenye sauti ya bibi.

"Ngozi gani hii, mjukuu? Umemchuna paka wa jirani?"

"Ya chui, bibi, naapa!"

"Chui huyu alikuwa analia nyau. Ongeza viatu, nami nitakutilia nyongeza."

Siku walipofungua kibanda hicho cha ubia, gemu liliwauliza kila mmoja: katika vitu vyako, ni vipi mwenzako anaruhusiwa kuviweka kwenye mizani? Wakatazamana. Pilnam akasema, "Nimekuachia meza miaka thelathini na moja, leo nikufungie sanduku?" Wote wawili wakabonyeza *Vyote*, wakashuka kula tambi.

Sasa, siku ile ya supu, Pilnam alichelewa. Alipofika mlango wa chini akamkuta Samrye, aliyekuwa ameshuka kununua maji, anapanda tena ngazi mbele yake, mbilimbili. Samrye huyo huyo ambaye kwa goti lake la kulia alikuwa anapanda ubavu-ubavu kama kaa.

"We Samrye! Fimbo iko wapi?"

"Nimeisahau juu, dada."

"Mtu husahau mwavuli. Fimbo unaisahauje?"

"Goti limeamka zuri leo, basi. Au unataka niombe ruhusa?"

Wakacheka. Lakini juu, pale kwenye viti vyao viwili, Pilnam akasikia harufu. Ubani, kama ule wa kufukizia wafu, na chini ya ubani, majani ya mpunga yaliyolowa siku nyingi.

"Bosi," akamwita Bosi Tak, mwenye chumba, mwanamume mnene aliyekuwa daima na taulo shingoni, "umefukiza nini?"

"Nifukize, bibi, kengele ya moto ilie wateja wote wakimbie bila kulipa? Pua yako imezeeka."

Pilnam akaketi. "Mteja wa kwanza je?"

"Kashakuja," Samrye akasema, macho kwenye kioo. "Nimemaliza naye."

"Kaleta nini?"

"Vitu vya kawaida."

Tangu siku ile Samrye akawa anatangulia. Pilnam akifika, kibanda kipo wazi, mteja wa kwanza keshaondoka, na ile harufu imekaa kwenye kitambaa cha kiti. Mara moja, hedfoni zake zikiwa bado zinaning'inia kwenye ndoano, kompyuta haijawashwa, alisikia ndani yake mtu anavuta pumzi taratibu, kama anayepima uzito wa kitu mkononi. Akazishika. Zilikuwa na baridi kama zimetoka kisimani.

Siku ya tisa ndipo alipokosa sauti ya mumewe.

Bwana Heo alikuwa amekufa miaka kumi na miwili. Alipokuwa hai, akirudi kazini, alisimama mlangoni, akakohoa, akaita, "Upo?" Hakuwa mtu wa maneno mengi, hilo moja lilimtosha. Na kila asubuhi Pilnam akiosha mchele alimruhusu aite mara moja masikioni mwake, naye akamjibu kimoyomoyo, nipo, kwani nitaenda wapi. Asubuhi hiyo akamngojea. Alimwona mlangoni, aliona koti lake la kijivu, aliona mdomo unafunguka, na hakukutoka kitu, kama televisheni iliyozimwa sauti. Akajaribu tena, akajaribu kumkumbuka anagombana, anaimba amelewa, anakoroma, na kote kulikuwa kimya, kimya kile kile, mpaka maji ya mchele yakamganda vidoleni na Yeonhwa akaja kumtoa kwenye sinki.

Akaenda kumlilia Samrye. Amlilie nani mwingine? Samrye alikuwa anasoma maandishi madogo nyuma ya pakiti ya biskuti, bila miwani, yeye ambaye ukungu ulikuwa umemfunika macho hata namba ya basi asiione. Akaiweka pakiti chini haraka.

"Nyamaza, dada," akasema, anampigapiga mgongoni. "Uzee huo. Unatuchukua kidogo kidogo."

Mkono ulikuwa wa moto, wa upole. Huo ndio mkono ambao Pilnam aliukumbuka baadaye.

Juma lililofuata akaona haya kwamba mwenzake ndiye anayeamkia kibanda kila siku. Akanunua keki za mchele zikiwa bado zinatoka mvuke, akapanda ngazi saa tatu kamili, Bosi Tak ndiyo kwanza anafagia. Akapita nyuma ya kile kiti kirefu, amjie Samrye kwa kushtukiza.

Samrye alikuwa ananong'ona kwenye maikrofoni. "Kweli atapiga? Usinidanganye. Miaka sita hajapiga."

Kwenye kioo, mbele ya kibanda chao, mtu alisimama amewapa mgongo. Alivaa katani ghafi ya msiba, nguo wavaayo wenye kufiwa, na kofia pana ya majani iliyomfunika mpaka mabegani. Katika Ngome Tisa hapakuwa na nguo kama hiyo. Juu ya kichwa, mahali pa jina, palikuwa patupu. Na mizani ilikuwa kati yao. Kwenye sahani ya Mfiwa kulikuwa na kichupa kidogo, chini yake kumeandikwa: *Mwana wa Samrye, akumbukaye njia ya kwao.* Kwenye sahani ya kibanda kulikuwa na kichupa cha pili, na Pilnam akasoma polepole, kwa midomo, kama alivyosoma kila kitu maishani: *Binti wa Pilnam, amjuaye mama yake.*

"Samrye!"

Samrye akageuka. Usoni hakuwa na mshangao, alikuwa na uso wa mtu aliyefumaniwa na bado ana njaa. Mkono wake ulikuwa juu ya kipanya.

"Samrye, mdogo wangu, usi—"

Ndu.

Na kutoka upande wa pili, pole pole, bila haraka: ndu.

Keki za mchele zikaanguka. Simu ya Samrye ikalia mezani. Akaitazama, akaiweka sikioni, na Pilnam akasikia sauti ya yule mwana wa Samrye aliyehamia mji wa Busan inasema, "Mama? Ni mimi, mama. Sijui kwa nini nimekawia hivi."

Pilnam alishaitoa simu yake. Ikaita mara tatu.

"Haloo?" Yeonhwa.

"Mwanangu! Ni mimi!"

"Nani mwenzangu?"

"Mama yako!"

Sauti ile ile aliyoilea, laini, yenye adabu: "Samahani, mama, nadhani umekosea namba. Pole sana. Una mtu wa kukusaidia hapo ulipo?"

Alirudi nyumbani mbio. Yeonhwa akafungua mlango kiasi cha mnyororo, akamtazama tangu viatu hadi nywele, akamletea maji ya kunywa kwenye kikombe cha karatasi. Nyuma yake, ukutani, picha ya harusi yake ilikuwa pale pale, na Pilnam ndani yake amevaa hariri ya bluu. Yeonhwa akaifuata kwa macho ile picha, akasema, "Huyo ni jirani wa zamani, nadhani," kisha akafunga mlango taratibu, kama watu wanavyowafungia vichaa wasiwaumize.

Kulikuwa na mganga mmoja nyuma ya soko, Mama Bang, mwenye bendera nyekundu na nyeupe juu ya paa. Pilnam akamwangukia, akataka ngoma zipigwe, kengele zitikiswe, jini litolewe. Mama Bang akamsikiliza akiwa anamenya vitunguu, akatikisa kichwa.

"Huyu si wa ngoma, dada. Wa ngoma ni yule aliyeingia kwa nguvu. Huyu hajavunja mlango. Kaja kama mteja wa kwanza, akijua nyinyi hamna ulimi wa kumwambia nenda. Halafu mwenzako akatia mizani alichoruhusiwa kutia. Nimtoe kwa kosa gani?"

"Kwa hiyo nife hivi? Mwanangu ananiita jirani?"

"Nani alisema? Nenda kafanye kazi unayoijua. Uwe wa kwanza kufungua. Ila jua, yule haachii kitu mpaka apewe kilichokuwa cha kibanda. Na cha kibanda ni chako na chake." Akainua kisu, akamtazama. "Unanielewa? Na *chake*."

Pilnam alielewa. Alilala kwenye benchi la kituo cha basi na alielewa usiku kucha.

Bosi Tak alipofungua alimkuta ngazini. Pilnam akawasha kompyuta, akavaa hedfoni, na kabla soko halijatulia kwenye kioo harufu ilishamfikia, ubani na majani yaliyooza. Mfiwa alikuwa pale, mgongo kwake. Sahani yake ya mizani tayari ina kichupa: *Binti wa Pilnam, amjuaye mama yake.* Na kwenye sahani ya kibanda, bila Pilnam kugusa kitu, kikaanza kung'aa kichupa kingine, hafifu, kama chambo: *Mwana wa Samrye.*

"Upo?" zikasema hedfoni.

Ilikuwa sauti ya mwanamume, nzito kidogo. Pilnam hakuijua. Aliisikia kama unavyosikia mtu wa kupita barabarani. Lakini nyuma yake kukatoka ukelele, kwa maana Samrye alishafika, na sauti ilikuwa imevuja.

"Dada! Hiyo ni ya Bwana Heo! Hiyo ni sauti ya mumeo!"

"Ndiyo hii?" Pilnam akauliza, hakugeuka. "Ndivyo alivyokuwa?"

Samrye akapiga magoti sakafuni, kwa lile goti lake jipya. "Usimtoe mwanangu. Amepanda treni, dada, anafika leo mchana. Mwanzo yule mteja alitaka ladha yako tu. Nikajiambia, ladha ya mtu wa miaka sabini ni kitu gani, ni konzi moja, ni nyongeza. Na mteja wa kwanza ningemrudishaje? Si wewe uliyenifundisha?"

"Nilikufundisha kutoa nyongeza kwenye meza yako."

"Ulisema changu chako!"

"Nilisema," akasema Pilnam.

Mkono wake ulikuwa juu ya kipanya, na kile kichupa cha mwana wa Samrye kilikuwa kinapiga kama moyo, na ingekuwa rahisi, rahisi kuliko kupima dagaa, kidole kimoja tu, na Samrye angejua jinsi mlango unavyofungwa taratibu, na haki ingekuwa haki mbele ya yeyote, na yule wa katani alikuwa anangoja bila haraka kwa sababu alikwisha kuona meza nyingi na wanawake wengi na alijua mkono uliosalitiwa unaelekea wapi, na Pilnam akahisi mkono unaelekea huko, akahisi kabisa, akaona mabega ya katani yanaanza kutetemeka kama ya mtu anayecheka, na hapo ndipo muuzaji aliyekuwa ndani yake akaamka, yule wa miaka thelathini na moja, akamwambia: mnunuzi anayecheka kabla ya muhuri, bei anayoitaka siyo hiyo anayoitaja.

"Ondoa hicho," akasema kwenye maikrofoni. "Kijana wa watu simuuzi. Nina kitu kikubwa zaidi."

Mabega yakatulia.

"Kibanda," akasema Pilnam. "Ubia wenyewe. Meza mbili zilizogusana, dagaa, baridi, vicheko, siku alipozaa nikamkata kitovu mtoto wake, siku nilipofiwa akanilisha uji. Vyote. Ni vya kibanda. Ni vyangu na vyake. Ukivichukua hivyo, hutakuwa na pa kuingilia tena kwetu."

Samrye akashika pindo la sketi yake. "Dada, hapana. Hicho hapana."

"Ulishaviuza, Samrye. Mimi napeleka tu mzigo."

Sahani ya kibanda ikashuka mpaka ikagusa chini. Mfiwa akageuka, kwa mara ya kwanza. Chini ya kofia hapakuwa na macho wala pua. Palikuwa na mdomo tu, umelowa, unajilamba, unaonja.

"Na nyongeza?" ukauliza, kwa sauti ya Bwana Heo.

"Leo hakuna," akasema Pilnam, akagonga muhuri.

Bosi Tak alikuwa amesimama pale na fagio. Anasema mihuri ilipolia yote miwili taa za chumba zilififia, na wanawake wale wakawa wamekaa, mmoja kitini, mmoja sakafuni, wanatazamana. Yule wa kitini akamwinamia yule wa chini kwa adabu.

"Umeanguka, mama? Ngoja nikuinue."

"Asante, mama. Sijui nilikuwa natafuta nini hapa chini."

Kisha simu ya Pilnam ikalia, na ilikuwa Yeonhwa, analia, anauliza mama alilala wapi.

Basi, kila mtu alibaki na fungu lake. Samrye alipata goti, macho, na mwana aliyeshuka kwenye treni mchana ule akamchukua wakaishi Busan. Alipokufa, yule mwana alirithi sanduku la picha za sokoni, na katika kila picha kando ya mama yake yuko mwanamke wa mabega mapana ambaye hakuna aliyeweza kumtaja jina. Yeonhwa alipata mama yake, na meza ya samaki aliyoigeuza ya kupigia pasi. Bosi Tak alirithi habari hii, na viti viwili ambavyo hakuna kijana anayetaka kuvikalia, kwa ajili ya baridi. Kibanda alikirithi Mfiwa. Kipo mpaka leo Ngome ya Mashariki, kinafunguliwa saa tatu asubuhi, na wanaokwenda wanasema mwenye kibanda ni mkarimu mno, hurudishwi mikono mitupu, na daima anakuuliza kama una mwenzako.

Na Pilnam? Ladha haikurudi, wala ile sauti. Alimpata mwanawe, akaishi naye miaka minane. Lakini mara nyingine katikati ya kumenya kitunguu alikaa chini ghafla, mkono kifuani, na Yeonhwa akimuuliza kinachomuuma, alijibu, "Kuna mtu alinifanyia jambo baya sana, mwanangu. Ila simjui ni nani." Ule uchungu haukuwa mali ya kibanda, aliupata peke yake, kwa hiyo haukuweza kuwekwa kwenye mizani. Huo alikufa nao, na haukurithiwa na mtu.